Mtoto mwenye hali zaidi ya moja za ukuaji: uanzie wapi, na nini kisubiri

Mtaalamu wa usonji (autism) atakwambia ratiba ya mtoto isiguswe. Wa ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kushika umakini, atakwambia mtoto huyu huchoshwa upesi na jambo lilelile, kwa hiyo mbadilishie mara kwa mara. Wa fiziotherapia anataka mazoezi ya viungo asubuhi na jioni. Daktari wa kifafa anasisitiza mtoto alale mapema na asichoke kupita kiasi. Hakuna aliyekosea hapo. Shida ni kwamba kila mmoja amezungumza kana kwamba mtoto ana hali hiyo moja tu, na wewe nyumbani una kazi hiyo moja tu.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi ambaye faili la mtoto wake lina majina mawili, matatu au zaidi: usonji na ADHD; mtindio wa ubongo (hali inayoathiri misuli na mwendo), kifafa na ulemavu wa akili; Down (hali ya kuzaliwa nayo inayotokana na kromosomu ya ziada) na usonji; disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika) na dispraksia (ugumu wa kuratibu mwendo wa viungo). Haufundishi hali moja moja, kwani hayo yameandikwa kwingi. Unahusu pale zinapokutana, ambapo ushauri mzuri unagongana na ushauri mwingine mzuri na wewe ndiye unayebaki kuamua.

Mtoto wako hajaandamwa na mkosi, wala madaktari hawatungi majina. Hali za ukuaji wa ubongo huambatana. Kati ya watoto wenye mtindio wa ubongo, takriban nusu wana ulemavu wa akili pia, na takriban robo wana kifafa. Usonji na ADHD hukutana mara nyingi, ila vigezo vya Marekani vya utambuzi, vinavyofuatwa na madaktari wengi duniani, vilikuwa vinakataza mtoto mmoja kupewa majina hayo mawili. Katazo hilo liliondolewa mwaka 2013, lilipotoka toleo la DSM-5. Ukikutana na mtaalamu aliyesoma zamani akakwambia "haiwezekani awe na vyote viwili", huenda ndivyo alivyofundishwa. Siku hizi inakubalika rasmi.

Hatua ya 1: Mwili kwanza

Mtoto akishapata jina kubwa, kila kitu hupachikwa humo. Anaanza kujigonga kichwa, watu wanasema ni usonji, kumbe ni sikio. Anasusa kula, wanasema ni tabia, kumbe jino limetoboka. Mtoto asiyeweza kusema "naumwa hapa" atayaonyesha maumivu kwa njia aliyonayo, na mara nyingi njia hiyo inafanana na utundu.

Mimi nashika kanuni hii: badiliko la ghafla ni la mwili mpaka ithibitike vinginevyo. Kabla hujakubali jina jipya au dawa mpya, hakikisha haya yameangaliwa.

Masikio yapimwe, hata kama mtoto anageuka mlango ukigongwa. Majimaji yanayotuama nyuma ya ngoma ya sikio hufanya usikivu upande na kushuka. Leo anaitika, kesho haitiki, na anaishia kuitwa mkaidi. Watoto wenye Down hupata sana tatizo hili, na wao wanapaswa pia kupimwa tezi ya shingo kila mwaka, kwa sababu tezi ikizembea mtoto huwa mzito na mlegevu na watu hudhani ndiyo hali yake. Macho nayo yapimwe na mtu aliyezoea watoto wasioweza kusoma herufi ukutani.

Choo ni jambo ambalo wazazi wengi huona haya kulitaja, na ni kosa kulinyamazia. Mtoto aliyefunga choo kwa muda mrefu anaweza kuvuja kinyesi chepesi kwenye nguo, ukadhani anaharisha au anajichafua makusudi. Tumbo likishajaa hivyo, halali vizuri, hali vizuri, na hana subira na mtu.

Usingizi: je, anakoroma? Pumzi hukatika usiku kisha akashtuka? Mtoto asiyepumua vizuri usiku anaweza mchana kuonekana ana ADHD kabisa. Muulize daktari pia kuhusu upungufu wa madini ya chuma, ambao huweza kufanya miguu isitulie usiku.

Kisha kifafa, hasa kile cha kuduwaa. Mtoto anakata ghafla alichokuwa akifanya, macho yanaganda au kope zinacheza, sekunde chache zinapita, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu anaandika "hayuko makini". Mtoto aliyezama tu kwenye mawazo, ukimgusa bega huzinduka. Mwenye kifafa cha kuduwaa hazinduki mpaka kiishe chenyewe. Ukiwa na mashaka, mrekodi kwa simu. Video ya sekunde ishirini humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa, na yeye ndiye ataamua kama kinahitajika kipimo cha umeme wa ubongo.

Mtoto aliyepoteza alichokwisha kukiweza, maneno, kutembea au matumizi ya mikono, asisubiri tarehe ya kliniki. Apelekwe sasa.

Hatua ya 2: Andika ukurasa mmoja

Faili nene halisomwi. Daktari mpya, mwalimu mpya, shangazi atakayebaki naye mchana mmoja, wote wanahitaji ukurasa mmoja, tena unaomweleza mtoto kabla ya kutaja majina ya hali zake. Mfano:

*Ana miaka 7. Anaelewa zaidi ya anavyosema. Anasema maneno mojamoja na anatumia picha.*
*Ana usonji, kifafa na ulegevu wa misuli. Dawa, kiasi na saa zake ziko nyuma ya karatasi hii.*
*Akishika sikio la kushoto na kuzungukazunguka, anaumwa. Usimkemee, mwangalie.*
*Akianza kuvuma kwa sauti ya chini, kelele zimemzidi. Mtoe nje ya chumba kabla hajalipuka. Ukichelewa, usimsemeshe. Kaa karibu, subiri.*
*Mpe agizo moja, kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Ukirudia kabla, anaanza upya kulichakata.*
*Degedege likipita dakika 5, ni dharura.*

Ukurasa huo uwe na tarehe juu, na uuandike upya mambo yakibadilika. Usiujaze sifa za kupamba wala orodha ya asichoweza. Msomaji akimaliza awe anajua la kufanya dakika ile.

Hatua ya 3: Jua ni hali ipi inayosema

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo mzazi anapomzidi mtaalamu yeyote, kwa kuwa yeye humwona mtoto saa zote.

Chukua asubuhi moja. Mtoto ana usonji, ADHD na dispraksia. Ameambiwa avae shati. Dakika kumi baadaye amekaa sakafuni, mkono mmoja ndani ya shati, mwingine nje, analia na kupiga visigino. Ukitazama kwa mbali utaona mtoto anayekataa kuvaa. Sogea karibu. Shati ni jipya, na lebo ya shingoni inamkwaruza. Ngozi yake huipokea kama sindano. Alipofika kwenye vifungo, kidole gumba kilisukuma kifungo, lakini vidole vya mkono wa pili vikashindwa kushikilia tundu, kikachomoka, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katikati ya hapo aliona gurudumu la kigari chini ya kitanda na shati likasahaulika. Nawe ukasema "haraka!" mara kadhaa, kila mara kwa maneno tofauti, naye kila mara akalazimika kuanza upya kuelewa unachotaka.

Kilio ni kimoja, lakini chanzo si kimoja, na kila chanzo kina dawa yake. Lebo inakatwa. Shati linafungwa vifungo vyote isipokuwa cha juu, kisha linavaliwa kwa kupitishia kichwani. Kigari kinaondolewa jana yake usiku. Shati jipya linaonyeshwa na kuguswa tangu jioni. "Haraka" inabadilishwa kuwa picha moja ukutani. Ungechukulia yote kuwa ukaidi, ungeongeza sauti, na kila kimoja kati ya hivyo kingezidi.

Ili uone hivi bila kubahatisha, tumia daftari lenye safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Andika saa pia, alilala vipi usiku uliopita, na kama alipata dawa. Usiandike "alikasirika", andika "alitupa kijiko, akaziba masikio". Ukifanya hivyo kwa wiki mbili tu, mpangilio huanza kujitokeza. Utaona kwamba vurugu za saa kumi jioni hutokea dawa ya umakini inapoisha mwilini, au kwamba siku mbaya zote zilitanguliwa na usiku mbaya. Na ukiona kwamba kila anapopiga kelele kazi huondolewa mbele yake, basi umejua kelele inamsaidia nini. Hapo humwadhibu kwa kelele, unamfundisha njia nyingine ya kusema "nimechoka".

Mara nyingine hutapata chanzo. Sawa. Andika, endelea.

Hatua ya 4: Chagua jambo moja

Mshika mawili moja humponyoka, na mzazi wa mtoto huyu hupewa kumi. Ukiondoka kliniki tatu na mazoezi ya kila kliniki, hesabu muda wake kwa uaminifu. Mara nyingi unazidi saa ambazo mtoto yuko macho.

Mpangilio wangu wa kuchagua ni huu: usalama, usingizi, mawasiliano, kisha kujihudumia. Masomo na tabia za kukera watu huja baadaye. Wapo watakaobisha kwamba tabia ndiyo inayoleta fedheha hadharani, na ni kweli inaleta. Lakini tabia nyingi hupungua zenyewe hayo matatu ya mwanzo yakikaa sawa, na ukianza na tabia utakuwa unafukuza moshi.

Usalama: mtoto anayetoroka, anayepanda madirisha, anayekula visivyolika, anayepaliwa au kukohoa kila anapokula. Hilo la kupaliwa hupuuzwa sana kwa watoto wenye mtindio wa ubongo na wenye Down. Chakula kinachoingia njia ya hewa huleta vichomi vya mara kwa mara. Apimwe namna anavyomeza.

Usingizi unafuata kwa sababu unagusa hali zote kwa pamoja. Kukosa usingizi huchochea degedege kwa wenye kifafa, huzidisha kutotulia kwa mwenye ADHD, na kumfanya mwenye usonji asistahimili sauti na mwanga alivyostahimili jana. Saa ya kuamka isibadilike hata usiku ukiwa umeharibika. Mwanga upungue na skrini zizimwe mapema. Hatua za kulala zifuatane vilevile kila siku, ziwe chache. Melatonini, homoni ya usingizi inayotolewa kama dawa, huwasaidia baadhi ya watoto, ila kiasi na saa apange daktari.

Mawasiliano: usingoje mtoto aongee ndipo umpe njia ya kusema. Hofu kwamba picha, ishara au kifaa cha kuongea vitamfanya mtoto mvivu wa kuongea haina msingi. Tafiti zimeonyesha havizuii usemi, na kwa watoto wengine huusaidia. Anza na maneno yenye nguvu kwake. "Basi", "tena", "nisaidie" na "hapana" yatampunguzia vurugu nyingi kuliko majina ya rangi.

Hatua ya 5: Ushauri unapogongana

Migongano huwa ile ile, na mingi ina njia ya katikati.

Usonji unataka utaratibu, ADHD inataka upya. Shikilia mpangilio, badilisha kilichomo. Baada ya kuoga ni mchezo, siku zote, hilo haligeuki. Mchezo gani, achague kati ya miwili, na kila siku chache mmoja ubadilishwe. Mtoto anapata uhakika wa kinachokuja na bado hachoshwi.

Mmoja anasema afundishwe kukaa kitako, mwingine anasema mwili wake unahitaji kusogea. Hapa mimi siko upande wa kiti. Mtoto anayeyumba au kuchezea uzi huku akisikiliza, ukimkataza kuyumba, nguvu zote zinaenda kwenye kujizuia na hasikii tena. Kilicho cha kupima ni kama ujumbe umefika.

Ishara za mikono zinapendekezwa kwa asiyeongea, lakini mikono yake haifanyi kazi vizuri. Kubali ishara isiyo kamili mradi iwe ileile kila mara. Ikishindikana, tumia picha; macho yakiwa dhaifu, tumia vitu vyenyewe, taulo ikimaanisha kuoga na kikombe kikimaanisha kunywa. Na kama hawezi hata kunyoosha kidole, shika vitu viwili mbalimbali, kimoja kushoto kimoja kulia, kisha tazama macho yake yanatua wapi. Mpe muda. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuhitaji sekunde nyingi kuupanga mwili wake, na wengi hunyimwa chaguo lao kwa sababu mtu mzima alikata tamaa mapema.

Chati ya nyota inasifiwa sana kwa ADHD. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, nyota za leo kwa zawadi ya Ijumaa hazina maana. Zawadi iwe papo hapo, na ionekane inatokana na alichofanya. Kwa mtoto mwenye wasiwasi mwingi, visanduku vitupu ukutani ni tishio. Kama unaitumia chati, nyota iliyokwisha kutolewa isinyang'anywe.

"Afanye mwenyewe" inagongana na uchovu. Mtoto mwenye dispraksia au misuli dhaifu akivaa kila kitu mwenyewe, anafika shuleni nguvu zimekwisha. Fundisha kipande kimoja, tena kuanzia mwisho: mvalishe soksi hadi kisiginoni, yeye amalizie kuivuta. Akiiweza hiyo, acha katikati ya mguu. Kila mara yeye ndiye anayemaliza kazi, na kingine chote msaidie bila kuona vibaya.

Mazoezi ya viungo nayo yasitafute saa yake. Miguu inanyooshwa wakati wa kubadilishwa nguo. Kusimama kwenye stendi, kile kifaa cha kumshikilia asimame, kunakwenda pamoja na hadithi. Mtaalamu mzuri atakusaidia kupachika mazoezi ndani ya siku iliyopo. Mwombe hivyo waziwazi.

Pale ambapo njia ya katikati haipo kabisa, linganisha madhara. Ushauri ambao ukiuacha madhara yake hayarudishiki ndio ushinde. Nyonga za mtoto mwenye mtindio wa ubongo zinaweza kuteguka taratibu bila dalili, kwa hiyo picha ya eksirei ya nyonga kwa ratiba ya daktari haiahirishwi. Kujifunza kufunga kamba za viatu kunaahirishika, hata miaka.

Hatua ya 6: Dawa, badiliko moja kwa wakati

Dawa ya hali moja hugusa hali nyingine. Methilfenideti, inayotolewa kwa ADHD, hupunguza hamu ya kula na inaweza kuchelewesha usingizi. Kwa mtoto mwenye usonji ambaye tayari anakubali vyakula vichache tu, hilo ni jambo zito, na uzito wake upimwe mara kwa mara. Kwa wastani, watoto wenye usonji hufaidika nayo kiasi pungufu na husumbuliwa zaidi na madhara yake, hivyo huanzishwa kwa kiasi kidogo. Levetirasetamu, dawa ya kifafa, huwafanya baadhi ya watoto wawe na hasira za ghafla. Risperidoni huongeza hamu ya kula na uzito. Ukiona tabia mpya, swali la kwanza ni: dawa gani ilianza, ilipanda au ilishuka karibuni?

Ndiyo sababu nasisitiza badiliko moja. Wiki moja ukianza dawa, ukabadilisha shule na ukaanza tiba mpya, mtoto akitulia au akiharibika hutajua sababu ni ipi. Muulize daktari: tunatazamia nini kibadilike, baada ya muda gani, na tutaacha tukiona nini? Jibu liandike daftarini. Dawa ya kifafa usiisimamishe ghafla kwa uamuzi wako, hata kama mtoto amekaa muda mrefu bila degedege.

Degedege likimjia: tazama saa, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kitu chochote mdomoni, usimbane asitikisike. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajapata fahamu, ita msaada wa dharura. Kila anayebaki naye ajue haya.

Hatua ya 7: Wakutanishe wataalamu

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na kliniki ni hivyo hivyo. Hakuna atakayekwambia hali yake ndiyo isubiri. Tafuta mmoja, daktari wa watoto kwa kawaida, umwombe awe wa kuunganisha: ripoti zote zipite kwake, na dawa mpya yoyote aijue. Akikataa au akiwa hapatikani, mzazi ndiye anabaki kuwa kiunganishi, na hapo ule ukurasa mmoja unafanya kazi kubwa kuliko ulivyodhani.

Swali moja huwafanya wataalamu waseme ukweli: "Nikiliacha hili kwa miezi mitatu, tutapoteza nini?" Wengine watakujibu "si kitu kikubwa", na umepata nafasi ya kupumua. Wengine watasita, kisha wakueleze jambo ambalo hawakuwa wamelieleza. Uliza pia kama vipimo vya vinasaba vinafaa; mtoto mwenye hali kadhaa kwa pamoja huenda ana chanzo kimoja nyuma yake, na kukijua kunaweza kuonyesha moyo, figo au kiungo kingine kinachohitaji kuchunguzwa.

Wanaouza tiba nao watakutafuta, tena wataanza na mzazi mwenye mengi. Dawa za kuondoa metali mwilini zimewahi kuua mtoto. Mchanganyiko wenye klorini dioksidi unaouzwa kuwa unatibu usonji ni kemikali ya kupaushia nguo na karatasi. Na kuhusu chanjo, makala ya mwaka 1998 iliyozihusisha na usonji ilifutwa rasmi na jarida lililoichapisha mwaka 2010. Kipimo changu cha haraka: anayesema anatibu hali zote za mtoto wako kwa kitu kimoja, mwage.

Hatua ya 8: Shule

Usimpelekee mwalimu majina matano. Mpelekee mambo matatu ya kufanya darasani na moja la kutofanya. Akae wapi, apewe maagizo vipi, afanye nini akizidiwa; na asinyimwe mapumziko kwa sababu hakumaliza kazi, maana mapumziko ndiyo yanamwezesha kumaliza inayofuata. Tahadhari na mtoto ambaye shuleni anasifiwa kwa utulivu kisha nyumbani analipuka kila jioni. Hiyo haina maana kwamba nyumbani mnamdekeza. Amejizuia siku nzima, na mzigo anautua pale anapojiona salama. Mwambie mwalimu, kwa sababu dawa ya jioni hiyo iko asubuhi, darasani.

Kuna pia mtoto mwenye akili kali na disleksia, ambaye uwezo wake unafunika shida na shida inafunika uwezo, anaonekana wa kawaida tu. Huyo hupata msaada kwa kuchelewa. Omba apimwe kusoma na kuandika kando na uelewa wake wa kusikiliza.

Hatua ya 9: Wengine nyumbani

Walezi wawili wanaofuata njia mbili humchanganya mtoto kuliko njia moja isiyo nzuri sana. Kubalianeni mambo machache yasiyobadilika, mengine kila mtu afanye kwa namna yake. Ndugu zake waelezwe ukweli kwa kiwango cha umri wao, wawe na muda wao na mzazi, na wasigeuzwe walezi wadogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji au ulemavu wa ukuaji, yakiwemo ya bure mtandaoni. Ni ya vitendo, hayahitaji hata utambuzi uwe umekamilika. Na ukijikuta huna usingizi hata mtoto akiwa amelala, au hasira yako inakutisha, jambo hilo liingie kwenye orodha ya kliniki pamoja na ya mtoto.

Hatua ya 10: Kagua upya

Kila baada ya miezi sita hivi, kaa na daftari. Majina mengine yatakuwa yamebadilika: mtoto aliyeambiwa ana ucheleweshaji wa ukuaji akiwa na miaka mitatu huenda sasa anatajwa kuwa na ulemavu wa akili, au aliyedhaniwa hana umakini amegundulika haoni ubao. Jina lisiloeleza tena chochote, uliza kama bado linastahili kubaki. Karibu na balehe ongeza umakini, kwa sababu wasiwasi na huzuni hujitokeza zaidi umri huo, na kwa wenye usonji kifafa kinaweza kuanza wakati huo ingawa hakikuwepo utotoni.

Katika ukaguzi jibu haya kwa maandishi: Lile jambo moja la miezi sita iliyopita limefika wapi? Nini anakiweza sasa bila mimi? Nini tunaendelea kukifanya kwa mazoea tu, hakuna anayekumbuka kwa nini? Hicho kifute kwanza, ndipo uchague jambo jipya.